Paka wa Mbele na Paka wa Nyuma

Siku paka wa mbele na paka wa nyuma walipoacha kupigana, Hawabai alikuwa ameketi kizingitini mwa mlango wa mbele akichagua mchele kwenye sinia. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Chini ya baraza paka wake wa kijivu alikuwa akitafuna kichwa cha samaki. Penye pembe ya kichochoro akatokeza paka mwingine, mrefu wa mgongo, manyoya yake rangi ya mdalasini, na Hawabai akamjua kuwa ni wa upande wa nyuma, wa kwa bintiye Munazza. Akavua kandambili moja ili awaamue. Hapakuwa na haja. Yule wa kijivu aliinua kichwa, akamtazama mwenziwe kama paka amtazamavyo mbuzi, akarudia samaki wake. Yule wa mdalasini akapita zake, wala hakuongeza mwendo.

"Basi na hawa wameshakuwa mbalimbali," Hawabai alisema, akavaa kandambili yake na kuendelea kutoa vijiwe kwenye mchele.

Alikuwa akilitarajia jambo hilo. Mijusi walitangulia.

Nyumba hiyo ya Kibokoni zamani ilikuwa moja. Mumewe, marehemu Noormohamed, aliinunua alipokuwa bado na nguvu za kusimama dukani kutwa: nyumba ndefu, mlango wa mbele kwenye kichochoro hiki, mlango wa nyuma kwenye kichochoro kile, na katikati ua wenye mwasumini. Kabla hajafa alimgawia Munazza vyumba vya nyuma, mbele ya mashahidi. Mwanawe wa kiume, Zoher, alipata vya mbele pamoja na duka la vitambaa. Baada ya eda ya mamake kwisha, Munazza aliolewa na Kenga.

Kenga alikuwa Mgiriama aliyezaliwa Majengo. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni ndani ya Ngome ya Yesu na kuwaeleza mizinga ilikuwa ikielekezwa wapi. Uislamu aliukuta kwa babu yake. Yeye na Zoher walikuwa wakiswali msikiti mmoja, na mara nyingine walijikuta safu moja, bega kwa bega, kidole cha mguu wa huyu kikigusa cha yule. Zoher hakuwa na neno juu ya swala yake.

"Ni mtu mzuri," alisema. "Lakini si mtu wetu."

Kwa kuwa hakuweza kumtoa dadake kwenye vyumba alivyopewa na baba, alileta mafundi. Wakajenga ukuta wa matofali katikati ya ua, toka sakafuni mpaka juu kupita dari, na mwasumini wakaupasua shina, ukabaki nusu huku na nusu huku. Siku hiyo Hawabai alikuwa jikoni akikaanga vitunguu vya pilau. Jiko liko mbele. Hivyo ndivyo alivyokuwa wa mbele.

"Maa, mimi sikukatazi," Zoher alimwambia jioni ile, akinawa mikono. "Ila ukivuka kizingiti chake, changu usikivuke tena."

Hawabai alikuwa mjane, na chumba chake kilikuwa ndani ya kizingiti cha Zoher. Tahseen, mkewe Zoher, akapakua.

Mijusi kafiri wa mbele, waliokuwa wakiwinda kwenye taa nyeupe za Zoher, waliota vichwa vipana na ngozi ya rangi ya chokaa. Wa nyuma walikuwa wembamba, wenye madoa, na mlio wao ukashuka hata ukawa kama mtu agongaye kikombe kwa kijiko. Siku moja jike la mbele lilipenya kwenye ufa juu ya ukuta. Hawabai alilitazama likiwa limekaa pale, dume la nyuma likiliita kwa nguvu zake zote, na lile jike halikugeuza hata kichwa. Kwake yeye huo haukuwa mwito. Ilikuwa kelele tu. Likarudi chini kutafuta nondo.

Mwasumini nao ulifuata. Upande wa mbele ulichanua magharibi. Upande wa nyuma ulichanua alfajiri. Maua ya huku yalipofunguka, ya kule yalikuwa yameshaanguka. Nyuki walichagua upande na kushikamana nao.

Wakati huo Hawabai alikuwa bado akienda kwa bintiye kwa siri. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, alijitanda buibui na kuzunguka kichochoro chote, kwani mtaa ule umejikunja kama bangili, na ule ukuta uko pale ncha mbili za bangili zinapokaribiana. Kutoka uani kwake hadi uani kwa Munazza ilikuwa hatua moja, kama si matofali. Kwa kuzunguka, mtu alifika na jasho.

Mwanzo walizungumza vizuri. Kisha Hawabai akaanza kusikia mluzi mdogo ndani ya maneno ya Munazza, kama upepo upitao kwenye pengo la jino. Munazza naye alimwomba arudie. Ijumaa nyingine Munazza alikula mkate wa mofa aliopikiwa na mamake, akaumwa tumbo mpaka Jumapili. Na chai ya Munazza, ambayo Hawabai ndiye aliyemfundisha kuichemsha, ilimkaa Hawabai mdomoni kama maji ya chuma. Hawakulaumiana. Ilifika Ijumaa ambapo Munazza alifungua mlango, akasema jambo refu huku akitabasamu, na Hawabai hakuambulia hata neno. Ilikuwa sauti nzuri. Ilipanda, ikashuka, ikakoma. Alingoja ikome, akamshika bintiye shavu, akarudi kwake kabla ya watu kutoka msikitini.

Simu walizijaribu. Simu ilileta sauti kama ilivyo, na sauti ndiyo iliyokuwa taabu. Ujumbe wa kuandika ulifika herufi zote zimekaa sawa, ila hazikuwa maneno. Mtu wa nje hakufaa pia: aliyeingia kwa mlango wa mbele alitoka anawaelewa wa mbele tu, na aliyeingia kwa mlango wa nyuma vivyo hivyo.

Waliofaa ni majirani. Fairuz, mjane aliyeuza achari na mabuyu nyumba ya pili, alisikilizana na Hawabai vizuri, japo alikuwa na kijimluzi. Sheikhan, fundi wa kanzu penye kona, alisikilizana na Fairuz. Crispus, Mtaita aliyepanga chumba nyuma ya kona na kuuza vinyago karibu na ngome, alisikilizana na Sheikhan. Na Munazza alisikilizana na Crispus. Kila mmoja alimwelewa wa kuliani kwake na wa kushotoni kwake, na hakuna aliyeona ajabu. Walioshindwa kuelewana ni wale wawili waliotenganishwa na ukuta.

"Wasemaje leo, Bi Hawa?" Fairuz alikuwa akiuliza asubuhi, akifungua mitungi yake ya achari.

"Mwambie nimemuota."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Nimemuota."

Fairuz akampelekea Sheikhan, Sheikhan akasimamisha cherehani na kumpelekea Crispus, Crispus akagonga mlango wa nyuma. Jibu lilirudi baada ya adhuhuri. Lilikuwa shali ya sufi.

"Asema ujifunike," Fairuz alisema. "Ameambiwa mamake aota moto kwa baridi."

Ilikuwa Februari. Jua la Mombasa lilikuwa likipasua chokaa ukutani. Hawabai akajitanda ile shali mabegani, akaketi nayo mpaka magharibi, na Tahseen alipomuuliza kama ana homa, akasema ndiyo, kidogo.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Maneno yalifika yakiwa yamechakaa, lakini yalifika. Kwa njia hiyo Hawabai alijua kuwa Kenga amepandishwa cheo, kuwa bomba la nyuma limeziba, kuwa Munazza ameota mvi moja na ameicheka. Na asubuhi moja Fairuz alikuja mbio, kisha akaketi kwanza, akavuta pumzi.

"Sheikhan asema Crispus asema Munazza hayuko peke yake."

"Hajakuwa peke yake. Yuko na Kenga."

"La, Bi Hawa. Ndani."

Hawabai aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea mbatata. Munazza alikuwa amekaa miaka mingi bila mtoto. Alitaka kusema jambo la kupelekwa, akatafuta maneno yasiyoweza kuharibika njiani. Kila alilolipata lilikuwa na mahali pa kuvunjikia. Mwishowe alisema, "Mwambie ale," akijua kuwa hata likifika nusu, litafaa.

Baada ya hapo alituma kila siku. Mwambie alale. Mwambie asinyanyue ndoo. Majibu yalirudi: amekula, amelala, ndoo hubeba Kenga. Jibu moja lilisema kwamba mtoto hucheza sana adhana ikiadhiniwa, na hilo halikuharibika hata kidogo, au kama liliharibika, liliharibika vizuri.

Nyumba ya Sheikhan haikuwa yake. Wenyewe walikuwa warithi waliotawanyika, na walipokubaliana waliiuza kwa mtu aliyetaka kujenga hoteli ya wageni. Sheikhan alipakia cherehani yake, meza na bonge la vitambaa kwenye mkokoteni. Alipita kuaga mlango kwa mlango.

"Mama Zoher, nisamehe," alimwambia Hawabai. Fairuz alikuwa amesimama kati yao akifasiri. "Nahamia Kisauni kwa mwanangu."

"Mungu akupe kheri."

"Nimemuuliza mwenye kununua kama naweza kukaa penye ngazi tu. Amekataa."

Nyumba ilibomolewa. Vumbi lake lilikaa kwenye nguo za mtaa mzima. Fairuz alivuka kifusi mara nyingi kwenda kuzungumza na Crispus, naye Crispus alikuja kumlaki, wakasimama juu ya mawe wakipaziana sauti. "Nasikia kama redio ya kituo cha mbali," Fairuz alimwambia Hawabai. "Jina la Munazza nimelisikia. Lililobaki ni upepo." Walimpigia simu Sheikhan. Alikuwa amekaa Kisauni muda mfupi tu, lakini alikuwa ameshakuwa mtu wa Kisauni. Aliwaitikia kwa adabu na hawakumwelewa, wala yeye hakuwaelewa.

Basi Hawabai akabaki na hesabu zake za kichwani za mwanamke aliyewahi kuzaa. Mwezi huu mtoto ageuka. Mwezi huu Munazza anashindwa kuinama. Aliweka sikio kwenye ukuta wa ua, Tahseen akiwa juu akianika nguo, akasikia nyayo, beseni likiwekwa chini, maji.

Alasiri moja Fairuz alikuja.

"Nimemuona Bi Dama, mamake Kenga. Amekuja toka Majengo, amebeba beseni na kanga mpya. Ameingia mlango wa nyuma, hajatoka tangu jana."

"Alikuwa na uso gani?"

"Wa mtu mwenye haraka."

Hawabai akavaa buibui lake. Fairuz alimtazama akifunga vifungo.

"Zoher je?"

"Zoher yuko dukani."

"Na akijua?"

"Atajua," Hawabai alisema, akatoka.

Alipita mbele ya nyumba ya Fairuz, akapita kwenye kiwanja cha kifusi ambako kunguru walikuwa wakichokoachokoa. Crispus alikuwa nje akimsugua kifaru wa mti kwa rangi ya viatu. Alisimama, akainamisha kichwa, akasema maneno yaliyosikika kana kwamba yamefunikwa kwa godoro. Hawabai akamwitikia kwa mkono.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa na Bi Dama. Wazee wale wawili hawakuwahi kuonana. Walitazamana, Bi Dama akasema jambo, Hawabai akasema, "Alhamdulillahi," kwa kuwa hata lisipoeleweka halina madhara. Bi Dama akampisha.

Munazza alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mto. Alikuwa hai. Hawabai alivua kandambili mlangoni, akamkaribia na kumshika mkono. Alikuwa binti yake, pua ya Noormohamed, kovu la sufuria kwenye kiwiko. Na hakuwa wa jinsi moja naye tena. Mkono wake ulikuwa na joto la kiasi kingine, na harufu yake ilikuwa ya kitu ambacho Hawabai alikijua, hakuweza kukitaja. Munazza alilia kidogo. Hilo halikuhitaji kufasiriwa. Kisha akamfunua mtoto na kumnyoosha kwa mamake.

Alikuwa msichana. Hawabai alimpokea kama apokeavyo mtu aliyezoea, kichwa kwenye kiganja, akasoma alichosoma masikioni mwa watoto wake wote wawili. Mtoto alitulia, macho wazi, kama kifaranga kinavyotulia mkononi mwa mtu, si kwa raha bali kwa kungoja. Moyo wake ulipiga mbio chini ya kanga. Kisha akaanza kulia, na hakukoma mpaka aliporudishwa kwa mamake, hapo akanyamaza mara moja.

"Jina lake nani?" Hawabai aliuliza, akimwonyesha mtoto.

Munazza alielewa swali kwa kidole. Akasema jina. Hawabai akamwashiria arudie, akarudia. Mara ya tatu Bi Dama alilisema pia, na Kenga aliyekuwa ameingia na kopo la maziwa akalisema, polepole, kwa ile sauti aliyokuwa akiwaeleza wageni mizinga. Wote walisema kitu kimoja. Hawabai alikisikia, na kilipofika ndani hakikushika, kama maji kwenye jani la mgomba. Aliitikia kwa kichwa ili wasichoke.

Walimletea chai, hakuinywa, nao hawakumlazimisha. Aliketi kitandani karibu na Munazza, bega kwa bega, wakimtazama mtoto. Muadhini alipoadhini magharibi mtoto alirusha miguu, na Munazza akamgeukia mamake upesi, akimwonyesha. Hawabai akacheka.

Aliporudi, Zoher alikuwa amesimama kizingitini.

"Umekwenda."

"Nimekwenda. Dadako amezaa msichana. Nipishe nipite, au nifungie nje, lakini uuvunje ule ukuta."

Zoher hakuwa mtu mbaya, na alipomwona mamake ameshika mwimo wa mlango, alisahau neno lake la zamani na kumshika mkono mpaka ndani. Alimkalisha. Tahseen akaleta maji.

"Mmezungumza?" Zoher aliuliza.

"Hatuelewani."

"Mtoto alikutambua?"

Hawabai akanywa maji yake.

"Umeona basi, Maa," Zoher alisema, kwa upole wa kweli. "Hata paka hawajuani. Hata mijusi. Mimi nilisema toka mwanzo si watu wetu, mkaniona nina roho ngumu. Sasa nivunje ukuta ili iweje?"

"Walikuwa paka wamoja, Zoher. Mama yao alizalia chini ya kitanda chako."

"Hayo ya zamani," alisema Zoher.

Habari za mijusi zilifika mbali, na msimu wa joto uliofuata akaja mtaalamu mmoja wa wanyama, jina lake Ronald, kijana mpole mwenye miwani na kurunzi. Alipewa ruhusa pande zote mbili, kule nyuma kwa ishara za mikono. Kwa siku kadhaa alipanda ngazi, akawasikiliza mijusi, akawapima vichwa, akauzunguka mtaa wote nyumba kwa nyumba. Alipomaliza aliketi uani kwa Zoher, akapewa sharubati na bajia.

"Ni spishi mbili," alieleza. "Zamani walikuwa kama mnyororo. Wa kila nyumba walizaana na wa nyumba ya jirani, mpaka kona, mpaka nyuma. Ilipovunjwa ile nyumba ya kona, pete ya katikati ilitoka. Sasa hawa ni hawa, na wale ni wale."

"Nilijua," alisema Zoher.

Hawabai alikuwa ameketi penye jiko la makaa. "Ukuta ukivunjwa, watarudiana?"

"La, mama. Wakishafika hapa hawarudi. Wataishi pamoja kama kunguru na njiwa, kila mmoja na wake."

"Na kama usingejengwa?"

Ronald alifikiri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Wangekuwa mijusi tu," alisema.

Baadaye ilikuja amri kutoka serikalini kwamba ukuta ule usiguswe, usipakwe rangi wala kutobolewa, kwa sababu viumbe wa namna ile hawapatikani mahali pengine duniani na ukuta ndio unaowahifadhi. Kibao cha bati kilipigiliwa upande wa mbele, na kingine upande wa nyuma. Zoher alikifuta vumbi cha kwake kila Ijumaa. Hoteli ya kona ilikwisha kujengwa, na wageni wake waliletwa kutazama, nusu kwa mlango huu na nusu kwa mlango ule. Wale wa mlango wa nyuma waliongozwa na Kenga.

Mtoto wa upande wa pili akaanza kutambaa, kisha akaanza kusema. Hawabai alikuwa akimsikia alasiri, akiwa na ungo mapajani, kiti chake kimesogezwa kwenye matofali. Kulikuwa na sauti moja ambayo mtoto aliipenda, fupi, inayopanda mwishoni, akiirudia huku akipiga kitu sakafuni. Huenda lilikuwa jina lake. Huenda lilikuwa maji, au paka, au nipe. Siku moja, Tahseen akiwa hayupo, Hawabai aliegemeza paji la uso ukutani, akaijaribu ile sauti mdomoni mwake, akaisema kwa nguvu kadiri alivyoweza. Ilitoka vingine.

Upande wa pili kukanyamaza kidogo, kama watu wanavyonyamaza wakisikia ndege mgeni juu ya paa. Kisha kile kitu kikapigwa tena sakafuni, na mchezo ukaendelea.